Bega la Kulia

Injinia hakuwa injinia bado. Alikuwa mwaka wa tatu tu wa uhandisi, na mitihani ilikuwa inamtoa kijasho chembamba. Lakini nyumbani kwao walishampa cheo mapema ili asije akabadili mawazo, na jina likamganda mpaka chuoni. Alikuwa mtu wa haraka. Hata kwenye sala, alipogeuza shingo kutoa salamu, kulia kisha kushoto, kabla ulimi haujamaliza neno la mwisho mkono ulishakamata mkanda wa begi.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Ratiba ya chuo ilipangwa na watu ambao hawakuwahi kuifikiria adhuhuri. Mhadhara wa asubuhi ulikwisha jua limeshapinduka, mapumziko yalikuwa ya kumeza chakula bila kutafuna, kisha vipindi vya mchana vikaanza ng'ambo ya barabara kuu iliyokikata chuo vipande viwili. Msikiti ulikuwa mbali kwa mtu wa miguu. Wanafunzi Waislamu waliomba wapewe chumba, wakajibiwa kwamba ombi linafanyiwa kazi, na mpaka leo bado linafanyiwa. Basi kila mmoja akatafuta pa kujibanza. Wengine walisali nyuma ya makabati ya maktaba, wengine chini ya ngazi, na wasichana wawili wa famasia walisali kwa zamu katika darasa tupu, mmoja akisujudu na mwenzake akiegemea mlango.

Injinia na mdogo wake walibahatika kupata stoo ya zamani ya maabara ya udongo. Kilikuwa chumba chembamba chenye rafu za makopo ya sampuli, chekeche zilizotoboka na viti vilivyokosa miguu, na kilitazamana na choo. Mdogo mtu alikuwa na mdomo. Alisema pale ukikosea herufi moja tu umekwisha: mlango huu msalani, mlango ule mswalani. Fundi wa maabara aliwapa ufunguo kwa sharti kwamba wasitie miguu yao kwenye sinki la kuoshea sampuli. Waliitia hivyo hivyo, wakawa wanafuta maji kwa tambara kabla hajarudi. Mshale wa kibla waliubandika sakafuni kwa utepe mweusi baada ya kubishana nusu siku juu ya nyuzi za dira, maana wahandisi hata kwa Mungu wanataka vipimo.

Huyo mdogo mtu alikuwa mtoto wa Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama yake Injinia. Walilelewa ua mmoja, wakasoma chuo cha Kurani pamoja, wakaingia chuo kikuu mwaka mmoja. Jina lake la mtaani lilikuwa Dakika. Ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi, "dakika moja, nakuja." Ukimgongea bafuni, "dakika moja." Mama yake alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa, mkunga akaenda akala chakula chake akarudi, na mtoto bado hajaamua.

Kwenye sala alichelewa vile vile. Injinia alikuwa anaanza peke yake, na akifika rakaa ya pili au ya tatu anaguswa bega la kulia. Vidole viwili, kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Anayesali anajua maana yake: nimefika, nakufuata, kuwa imamu wangu. Hapo Injinia alipandisha sauti ya takbira, ile Allahu Akbar, ili mwenzake aisikie, na Dakika akasimama kuliani kwake, nyuma kidogo. Baada ya salamu Dakika aliinuka kumalizia rakaa zilizompita, na kaka mtu akakaa kitako akimsubiri huku roho ikimchemka. Kisha wakavuka barabara pamoja. Hilo la kusubiriana hakuna aliyelitamka hata mara moja. Lilikuwa hivyo tangu walipokuwa wakishikana mikono kwenda chuoni kwa maalimu.

Siku hiyo kulikuwa na jaribio la mhadhiri waliyemwita Komeo. Huyo akishaingia darasani alifunga mlango kwa ndani, na hata mkuu wa chuo angebaki nje na cheo chake. Dakika alimgusa kaka yake bega katika rakaa ya tatu kati ya nne. Injinia akatoa salamu, akamsikia anainuka. Dakika alikuwa na rakaa mbili za kumalizia. Injinia alitazama saa, akatazama miguu ya mdogo wake iliyokuwa bado na maji ya udhu, akajiambia atanikuta huko. Akachukua begi akatoka.

Komeo alifunga mlango. Injinia alikuwa kwenye swali la pili breki zilipolia barabarani, zikafuatwa na kelele za watu. Wanafunzi wakainua vichwa. Komeo akasema kila mtu atazame karatasi yake, na Injinia akatazama karatasi yake. Swali lile alilijibu vizuri, na hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine. Lilikuwa lori la mchanga. Waliomwokota Dakika walisema viatu vyake alikuwa amevikanyaga visigino, kama mtu aliyetoka mahali mbio.

Msibani Mama Mdogo hakuuliza dereva ni nani wala lori lilikuwa linakwenda wapi. Alimvuta Injinia pembeni, nyuma ya matangi ya maji, akamshika mikono yote miwili. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Adhuhuri ile, mwanangu aliimaliza?"

Injinia hakujua. Huenda Dakika alimaliza kisha akakimbia. Huenda aliposikia mlango unafungwa aliikata sala katikati ili amuwahi kaka yake, maana katika maisha yake yote hakuwahi kuachwa. Angeweza kusema hajui. Lakini ile mikono ilikuwa bado haijaachia mikono yake, na jibu likatoka laini kama limepakwa mafuta. Alimaliza, Mama. Tulitoa salamu pamoja tukatoka pamoja, mimi nikatangulia kuvuka.

Mama Mdogo alishusha pumzi ambayo huenda aliibana tangu simu ya kwanza. Toka hapo kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa kwamba mwanawe alitoka kwenye mswala akaenda kwa Mola wake, na watu wakatikisa vichwa wakasema mwisho mwema ulioje. Injinia alikuwa amekaa pale pale, akisikiliza uongo wake ukizungushwa pamoja na kahawa.

Aliporudi chuoni hakuikaribia stoo. Alisali chini ya ngazi, alisali kwenye darasa tupu, na siku nyingine adhuhuri ilimponyoka ikaangukia kwenye alasiri, na alasiri nayo akaikamata jua likiwa linaaga. Halafu fundi wa maabara akamwambia ama autumie ufunguo ama aurudishe, kwa sababu chumba kinajaa vumbi. Injinia aliutoa mfukoni ili ampe. Mkono ukamkatalia. Akapiga moyo konde, siku hiyo hiyo akaenda.

Stoo ilikuwa kama walivyoiacha. Mswala ulirundikwa juu ya rafu, mrundo ule wa ovyo wa Dakika. Alitandika, akanuia, akafunga sala. Rakaa ya kwanza ikapita salama. Katika ya pili, macho yake yakiwa pale anapoweka paji la uso, aliguswa bega la kulia. Vidole viwili, kidogo tu.

Alijua Dakika yuko kaburini. Lakini mwili una mazoea yake, na kabla akili haijafika, ulimi ulishapandisha sauti ya takbira. Akarukuu. Akasikia hatua laini za miguu mitupu, kisha nguo ikichakarika kuliani kwake, nyuma kidogo. Akasikia mtu anapumua. Alisali kilichobaki, na wakati wa salamu alifumba macho, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Hapo akasikia magoti yanalia na mtu anainuka kumalizia rakaa zake.

Kwa pembe ya jicho aliona weupe wa shati. Hakutazama. Alikwapua begi, akapita upande wa rafu, akatoka na viatu mkononi, na hakusimama mpaka alipofika kwenye jua na watu wanaonunua vocha. Hapo ndipo alipotambua alichofanya. Alikuwa amemwacha tena, katikati ya sala, vile vile.

Ungedhani hakurudi. Alirudi. Hofu ilimwambia asirudi, na kitu kingine kikamwambia kwamba mtu anayekuja kumalizia sala yake huwezi kumfungia mlango. Kila mara alijiapiza kwamba leo atakaa, leo atasubiri. Kila mara mguso ulikuja, hatua zikafuata, pumzi zikafuata, na salamu ilipofika miguu yake ilimtoa nje bila kumwomba ruhusa. Alikonda. Mwenzake wa chumbani alimuuliza kama ni mapenzi, naye akakubali kwamba ni mapenzi, apate kuachwa.

Mama Mdogo alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, kumuuliza kama amekula na kumwombea dua ya mitihani. Ijumaa moja alimwambia kwamba amemwota Dakika. Injinia aliuliza amemwota vipi, ingawa hakutaka kujua.

"Amesimama tu," Mama Mdogo alisema. "Hasemi kitu, hana hasira. Amesimama kama mtu aliye kwenye foleni."

Akamuuliza ndoto kama ile maana yake nini, wao wasomi wanaonaje. Injinia alisema ni uchovu, Mama, pumzika. Akakata simu.

Wiki iliyofuata alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara, akijaribu kula, alipojiwa na mtu mzima mwenye kipara na mkoba wa ngozi. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa kazini kuja kuongeza elimu, na darasani kwao vijana walimwita Mwalimu kwa heshima na Babu akigeuza kisogo. Alisimama mbele ya Injinia, akamkagua juu mpaka chini kama anayetafuta mwanafunzi mtoro.

"Samahani, kijana. Ndiye wewe imamu mkimbizi?"

Injinia hakuelewa. Mwalimu akaketi bila kukaribishwa, akaeleza. Alikuwa akihangaika kutafuta mahali pa kusali, akaigundua ile stoo, akamkuta kijana anasali, akajiunga nyuma yake. Alipoinuka kumalizia zilizompita akasikia begi linakwapuliwa na mlango unafungwa. Akasema labda ana dharura. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alimpigia mke wake simu akamwambia kwamba huku chuoni anasalishwa na jini, na mke wake akamjibu kwamba ashukuru, jini mwenyewe kumbe ni Mwislamu.

Injinia alianza kucheka. Alicheka mpaka chakula kikampalia, Mwalimu akampiga mgongoni, na katikati ya kicheko machozi yakaingia yasitake kukoma. Shati jeupe lilikuwa la Mwalimu. Zile pumzi, yale magoti yanayolia, vyote vilikuwa vya mzee mwenye kipara na mkoba! Alijiona mjinga, na ujinga huo ukamfurahisha. Walipatana wakutane kesho yake, na Injinia akaahidi kwamba hatakimbia.

Usiku huo alilala vizuri, na kesho yake akala, akafika stoo mapema. Mwalimu alikuwa hajatokea. Muda ulikuwa unabana, kwa sababu mchana huo Komeo alikuwa na jaribio jingine, basi Injinia akafunga sala. Katika rakaa ya pili akaguswa bega. Safari hii hakushtuka. Karibu atabasamu katikati ya Alhamdu. Alipandisha sauti ya takbira kwa furaha, akasikia zile hatua, nguo ikachakarika, wakasali. Akatoa salamu macho wazi. Mwalimu alikuwa pale kuliani, kipara kinang'aa, akainuka kumalizia. Injinia akakaa kitako akamsubiri, na kukaa kule kukampa raha aliyokuwa ameisahau.

Mwalimu alipomaliza walipeana mikono. Injinia akamtania kwamba kwa mtu wa umri wake ana vidole vyepesi, anagusa bega kama mwizi wa mfukoni.

"Vidole gani?"

"Hivyo unavyonigusia bega ukifika."

Mwalimu alimtazama kuona kama mzaha unaendelea. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye hajawahi kumgusa. Alivyofundishwa kwao, ukimkuta mtu anasali unasimama ubavuni kwake, unanuia, basi. Humgusi, usije ukamtoa kwenye sala yake. Injinia akauliza hata leo? Hata leo, Mwalimu akasema, huku akivaa soksi.

"Na tena, kijana wangu, mimi kila nikija ninakusikia tangu kule kwenye veranda unatoa takbira kwa sauti. Adhuhuri ni sala ya kimya. Mtu akitoa takbira kwa sauti ina maana ana mtu nyuma yake. Ndivyo nilivyoijua hii stoo, nilifuata sauti. Nikiingia nakukuta peke yako, nikasema labda ndivyo ulivyozoea."

Alimpa mkono tena, akamwambia wasichelewe vipindi, akaenda zake. Injinia alibaki amekaa juu ya mswala. Aliliwekea mkono bega la kulia, kama mtu anayepapasa mahali palipoumwa na mdudu. Hofu aliingojea, lakini haikuja kwa namna aliyoizoea. Ilikuja huzuni, nzito. Dakika alikuwa hajaja kumtisha. Alikuwa amefanya kile alichokifanya siku zote, amefika kachelewa akabisha: nimefika, nakufuata.

Ng'ambo ya barabara wenzake walikuwa wanaingia kwa Komeo. Akiinuka sasa angewahi. Alitoa simu akampigia Mama Mdogo.

Hakuzunguka. Alimwambia kwamba siku ile hawakutoa salamu pamoja wala hawakutoka pamoja. Alimwacha Dakika amesimama katika sala, akaenda kuwahi jaribio, na kama aliimaliza au aliikata ili amkimbilie, yeye hajui na hatajua. Alisema sikumsubiri, Mama.

Upande wa pili alisikia mlango ukirudishwa. Kisha akamsikia analia, kilio kidogo cha mtu mwenye wageni chumba cha pili.

"Umeniacha niwaambie watu," Mama Mdogo alisema. "Wote wale. Nimewaambia kwa kinywa changu."

"Ndiyo, Mama."

"Ungeniambia siku ile ningekupiga makofi, yakaisha. Sasa nifanye nini na wewe?"

Injinia alimsikia anavyopenga kamasi, anavyohema, anavyojaribu kuirudisha sauti yake mahali pake. Alipoongea tena aliuliza jambo ambalo Injinia hakulitarajia.

"Alikuwa amebakiza ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe sasa hivi uko wapi?"

"Pale pale. Stoo."

"Basi usikate simu," Mama Mdogo akasema. "Kaa hapo. Msubiri."

Injinia akakunja miguu, akaelekea kule mshale wa utepe mweusi ulikoelekea, simu ikiwa sikioni. Hakutazama kulia. Alimsikia Mama Mdogo akipumua, na nyuma yake mlango wa nyumba ile aliyokulia ukigongagonga kwa upepo, mlango ambao Dakika aliahidi mara zote kwamba ataurekebisha, dakika moja tu. Alijua kwamba sasa Komeo ameshafunga mlango wake. Muda wa rakaa mbili si mrefu, wakati unasali huuoni, lakini ukikaa kumsubiri mtu unaupitia wote. Alihesabu kwa moyo: amesimama, amerukuu, ameinuka, amesujudu. Hakuna kilichochakarika. Begani hakuhisi kitu. Alikwenda naye taratibu mpaka kwenye tahiyatu, kikao cha mwisho, kwa mwendo wa Dakika ambao siku zote ulimuudhi, mpaka mahali pa kugeuza shingo.

"Nadhani ameshamaliza," Mama Mdogo akasema.

"Nadhani, Mama."

"Haya. Vaa viatu vyako, uvivae vizuri, ufunge na kamba. Ukifika barabarani simama kwanza, utazame kote."

Injinia alivivaa, akafunga kamba zote mbili. Alikunja mswala akaurudisha kwenye rafu, akachukua begi bila haraka. Mlangoni alisimama, akaushikilia wazi kwa mkono mmoja kwa muda, kama unavyomshikia mlango mtu anayekuja nyuma yako, kisha akauachia wakaenda kuvuka.